Mazizi ya Nukta

Penseli iliruka kutoka kitandani, ikagonga ukuta, ikadondoka karibu na unyayo wangu. Niliinama nikaiokota. Ncha ilikuwa imevunjika. Nikachukua kisu cha viazi, nikaichonga taratibu huku maganda yake nikiyakinga kwa upindo wa kanga, kisha nikamnyooshea mwenyewe. Hakuipokea. Alikuwa amegeukia ukutani, na mgongo wake ulikuwa ukiyasema yote ambayo mdomo ulikuwa umechoka kuyasema.

"Hakuna pa kuanzia," alisema mwishowe. "Bibi, kitu hiki hakina mlango."

Felistas ni mtoto wa marehemu binti yangu, nami ndiye niliyemlea. Sasa alikuwa mwanamke mzima, mke wa Machage mchimbaji, na hapa Nyangoto hapakuwa na mkono mwepesi kama wake wa kuosha mchanga wa dhahabu kwenye beseni. Lakini mimba zake zilizotangulia zilikuwa zimemponyoka kabla majirani hawajazitambua. Hii ya sasa ilishika. Daktari wa Tarime alimshona uzi pale mtoto anapopitia, akamwambia arudi nyumbani akalale. Alisema kulala, hakusema kupumzika. Ainuke kwa haja tu, kisha arudi chini. Kila hatua ya ziada, alisema, ni mkono unaouvuta uzi ule. Machage akamleta kwangu, akaniwekea gunia la mahindi na dumu la mafuta, akarudi shimoni.

Kumlaza Felistas ilikuwa kama kumfunga mbuzi kwenye bua la mhindi: kamba haikatiki, ila bua hung'oka. Asubuhi alitaka kujua ni nani anayepita njiani. Mchana alitaka dirisha lifunguliwe, kisha lifungwe, kisha lifunguliwe nusu. Na siku zile njiani palikuwa na mengi ya kusikia. Dhahabu ilikuwa imeonekana kwenye kilima cha ng'ambo ya kijito, na neno kwenye kila kinywa lilikuwa moja tu, rashi, yaani mbio za dhahabu mpya. Watu walikimbilia huko kama siafu walionusa mafuta. Mwalimu aliacha chaki, fundi baiskeli akaacha tairi limeinikwa juu ya beseni la maji. Waliokuwa wakijenga vibanda visivyo na wa kulala, wakingojea kulipwa fidia mgodi mkubwa ukipanua uzio wake, nao waliacha mabati nusu yamepigiliwa wakakimbia. Pikipiki zilipita zikinguruma, na kila iliyopita iliondoka na kipande cha roho ya mjukuu wangu.

Awino ndiye aliyetuletea mafumbo ya namba. Awino ni mke wa mwanangu Mwikwabe, wanakaa Migori, ng'ambo ya mpaka. Alipokuja kumjulia hali mgonjwa alikuwa amefungia samaki kwenye gazeti la Kenya, na kwenye gazeti hilo kulikuwa na mraba wa visanduku, baadhi vina namba, vingine vitupu. Akatueleza kwamba kila mstari wa kulala, kila mstari wa kusimama, na kila nyumba ndogo ya visanduku tisa lazima iwe na moja hadi tisa, bila namba yoyote kujirudia. Felistas alilijaza fumbo lile likinuka samaki. Akadai lingine. Ndani ya muda mfupi akawa anayamaliza kama mtu anayemenya karanga, huku anazungumza nawe. Awino akaahidi kumletea kitabu kizima.

Kitabu kilikuja, lakini hakikuwa kile. Visanduku vilikuwa vilevile, ila ndani hapakuwa na namba hata moja ya kumshika mtu mkono. Badala yake kulikuwa na vistari vya nukta nukta vilivyozunguka visanduku viwili, vitatu, vinne, na pembeni mwa kila duara kinamba kidogo kama inzi. Namba za ndani zikijumlishwa, ndizo zifike kwenye kinamba hicho. Awino alijitetea kwa heshima zote za mkamwana kwa mama mkwe kwamba majalada yalifanana, na mwuza vitabu alimwambia hiki ni kilekile, ila cha watu wazima.

Basi ndicho hicho kilichovunja penseli.

Nilikivuta kitabu mapajani mwangu. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, ng'ombe walipokosa mchungaji, lakini kusoma sikusahau, na kujumlisha kwa vidole nako hakujanitupa. Nikazitazama zile nukta kwa muda mrefu. Nikamwambia Felistas kwamba mimi naona mazizi.

"Mazizi?"

"Mazizi. Huu si uzio? Ndani wamo ng'ombe. Na huyu inzi pembeni ni mwenye mji anayesema uzito wa walio ndani."

Aligeuka. Hakugeuka mzima, alileta sikio tu. Nikajua sikio likija, jicho haliko mbali.

Alinipa zizi la kunijaribu. Visanduku viwili vilisimama kimoja juu ya kingine, na pembeni pameandikwa kumi na saba. Alinieleza kwamba kwa wawili kufika kumi na saba, ni lazima wawe nane na tisa, hakuna wengine. Nikaandika tisa juu, nane chini, bila kusita. Zizi jingine lilikuwa la tatu. Hao ni moja na mbili. Nikaandika mbili juu, moja chini. Nikaendelea hivyo, nikiona kazi ni nyepesi kuliko nilivyosikia, mpaka Felistas akaniuliza nimejuaje nani anakaa juu.

Nikamshangaa. Nilimwambia hata mtoto mdogo anajua. Mji hujengwa mteremkoni, na kijana hajengi juu ya baba yake, maji yake machafu yakamshukia mzee mlangoni. Mkubwa hukaa juu.

Felistas alinitazama, kisha kicheko kikamtoka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aingie nyumbani kwangu. Alishika tumbo kwa mikono miwili akaniomba ninyamaze, uzi utakatika.

"Bibi, hawa hawana ukubwa. Moja anaweza kulala juu ya tisa na asiombe radhi."

"Basi ni watu wa ovyo," nikasema, nikachukua ufutio.

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Sikuingia kwa kupenda namba. Niliingia kwa sababu niligundua kwamba Felistas hawezi kutulia na kitu bila mtu wa kubishana naye. Akiwa na mimi hapo nikikosea, alisahau njia, alisahau pikipiki, alisahau hata kuuliza kama Machage amepiga simu. Nikawa nakosea kwa bidii. Na aibu ya uzeeni ni kwamba makosa mengi hayakuwa ya kujifanya.

Lile fumbo halikutufungukia upesi. Tulijua walio ndani ya mazizi kadhaa, lakini hatukujua nani amelala upande gani, na kujua nusu kunawasha kuliko kutojua. Siku moja Felistas alichoka kungoja. Mahali palipoweza kuwa pa sita au pa nane, akaandika sita. Nilimuuliza kaipata wapi. Akasema kaipenda. Tukaendelea mbele, mambo yakawa yanakwenda vizuri kuliko siku zote. Mazizi yakajaa, mistari ikajaa, akawa anaimba. Tulipokaribia mwisho tukakuta mstari mmoja wenye wawili wanaodai kuwa tatu. Kosa halikulia pale lilipozaliwa. Lililia kijiji cha tatu, likiwa na watoto na wajukuu. Tulifuta mpaka karatasi ikatoboka.

"Nimeharibu yote kwa kimoja," alisema.

Nilitaka kumwambia jambo kuhusu subira. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Lakini alinitazama kwa jicho la kunionya, nami nikalimeza, maana neno hilo alikuwa amelishiba.

Mimi nimeitwa mvumilivu maisha yangu yote. Nilizika mume, nikazika binti, nikaona shamba langu la upande wa mashariki likimezwa na uzio wa mgodi, na watu wakasema, mama huyu ana moyo wa jiwe la kusagia. Nilikuwa naipokea sifa hiyo kama mtu anavyopokea nguo ya mtumba: haikushonwa kwa ajili yake, ila inamtosha. Siku zile kando ya kitanda cha Felistas nikaanza kuishuku. Labda watu huita uvumilivu kile ambacho mara nyingi ni kukosa pa kwenda. Mwenye pa kwenda ndiye anayejua uzito wa kukaa.

Njia ya kulifungua fumbo tuliipata kwa kubishana kuhusu ng'ombe. Nilikuwa nikimsimulia kwamba baba yangu hakuhesabu mifugo, wala hakuruhusu mtu aihesabu. Kuhesabu kulikaribisha macho mabaya. Jioni alisimama langoni akatazama wakiingia, basi, kisha akasema yule mwenye pembe iliyopinda hayupo. Hakuwa na idadi kichwani mwake. Alikuwa na pengo.

Felistas alikivuta kitabu. Akachukua simu, akajumlisha moja mpaka tisa, akapata arobaini na tano. Akanieleza polepole, huku macho yakimng'aa kwa namna iliyonitia hofu kidogo, kwamba kila nyumba ya visanduku tisa, haidhuru imepangwaje, ina arobaini na tano. Kwa hiyo, mazizi yaliyomo ndani ya nyumba yote yakijumlishwa yakafika thelathini na nane, na kikabaki kisanduku kimoja ambacho zizi lake limetokeza kwa jirani, kisanduku hicho ni saba. Hakuna haja ya kumwona. Tunawatazama waliopo, na asiyekuwapo anajitaja mwenyewe.

"Baba yako angeyaweza haya," alisema.

"Baba yangu angekuuliza maziwa yako wapi."

Kuanzia hapo tulikwenda. Tulimaliza ukurasa wa kwanza, tukamaliza wa pili. Mazizi yakawa magumu zaidi, marefu, yaliyojipinda kama nyoka katika nyumba tatu. Felistas alilala ubavu wa kushoto kama alivyoagizwa, nami nilikaa kwenye kigoda nikishika kitabu, na Gladys, jirani yetu wa upande wa pili wa uzio wa minyaa, akiingia kuomba chumvi alituambia tumekuwa kama masista waliofungiwa na sala zao. Nilifikiri nimeshinda. Nilifikiri nimemjengea mjukuu wangu zizi zuri, na nukta zake zinatosha kumzuia.

Kisha Kisyeri akaja na pikipiki.

Kisyeri alikuwa mwenzake Machage shimoni, kijana mwembamba mwenye vumbi hadi kwenye kope. Alinipa shikamoo kabla hajazima injini, na nilipoona hakuketi nikajua kabeba jambo. Duara lao, ndilo shimo la kuchimbia, lilikuwa limetema. Jiwe lilionekana lina dhahabu ya kuonekana kwa jicho, viroba vya mawe vimeshagawanywa kati ya mwenye ardhi, mwenye duara na wachimbaji, na vya Machage vilikuwa vimeshushwa kijitoni kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, vinangoja zamu ya kusagwa. Machage mwenyewe hawezi kutoka. Akitoka, nafasi yake chini inachukuliwa. Alitaka mtu wa kukalia viroba.

Kwetu jiwe lisilokaliwa halina mwenyewe. Hicho ndicho kiapo cha karasha, na hakuna aliyewahi kukiandika. Kila kundi huweka mtu wa damu au wa ndoa juu ya viroba vyake, naye hukaa mpaka jiwe liwe unga. Rafiki hakubaliki, kwa maana rafiki hununulika. Na akiinuka aliyekalia, hata kwa haja, wa jirani anaruhusiwa kusogeza vyake mbele, na vilivyoachwa vitapungua kama sukari kwenye nyumba yenye watoto. Machage hakuwa na ndugu upande huu. Alikuwa na mke.

Felistas alikuwa ameshakaa kitandani. Miguu yake ilikuwa chini.

"Rudisha miguu," nikasema.

"Bibi, hiyo ni kazi ya kukaa. Hapa nakaa, kule nakaa. Tofauti iko wapi?"

"Tofauti ni njia."

"Nitakwenda na pikipiki, polepole."

Kisyeri alitazama chini. Njia ile ya kijitoni kila mtu anaijua, imechimbika kama meno ya mzee. Felistas hakulia, angelia ningemudu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Machage amekaa ardhini tangu mvua zilizopita, kwamba jiwe hili ndilo walilokuwa wakilifuata tangu waoane, na kwamba akimzaa mtoto huyu ndani ya chumba cha kukodi chenye ukuta wa turubai, mtoto atamuuliza siku hiyo alikuwa wapi. Mkono wake mmoja ulishika tumbo, mwingine ulikuwa unatafuta kandambili chini ya kitanda. Nikaona mikono miwili ya mtu mmoja ikivutana.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

Walinitazama wote wawili.

"Mimi si damu? Kukaa ndiyo kazi niliyosifiwa nayo."

Nilimwita Gladys, nikamketisha kwenye kigoda changu, nikamwagiza asibanduke mpaka nirudi, hata nyumba ikishika moto atoke na mgonjwa mgongoni. Gladys aliapa. Felistas alirudisha miguu kitandani, akachana ukurasa mmoja kutoka kwenye kitabu, akanipa na penseli. Akasema nisirudi mikono mitupu. Nilipopanda pikipiki nilimsikia Gladys akimuuliza mazizi ni kitu gani, na moyo wangu ukatulia.

Karasha ilikuwa ikilia kama mnyama aliyekwamwa na mfupa. Vumbi jeupe lilifunika watu, majani, hata mate ya watu. Viroba vilipangwa kwa mafungu kando ya kijito, na juu ya kila fungu mtu: mwanamke anayenyonyesha, mzee mwenye fimbo, kijana mwenye panga mapajani. Kisyeri alinionyesha vyetu, vimefungwa kitambaa cha njano, akanikalisha, akarudi kilimani. Jamaa wa fungu la pili, mtu wa Mugumu mwenye kofia ya sufu jua kali namna ile, alinitazama nilivyotandaza kanga.

"Bibi, hayo mayai yataanguliwa lini?"

"Jogoo akiacha kuuliza."

Wenzake walicheka, naye akanisogezea kipande cha boksi nikalie. Nikakaa. Zamu ilisogea. Mbele yetu palibaki mafungu machache, na mwendesha karasha alishanitolea kidole cha kunitambua. Nikachomoa ukurasa wangu.

Haukutaka kukaa sawa. Nilianza nyumba ya juu kushoto, nikapoteza hesabu. Nikaanza upya. Kila nilipoinamisha kichwa, macho yalibaki kwenye karatasi, ila moyo ulikuwa unakwenda nyumbani na kurudi, unakwenda na kurudi, kama mtu aliyesahau kama amezima jiko. Nilijiambia Gladys yupo. Nikajiambia tena. Miguu yangu, ambayo imekaa kwenye misiba ya siku nzima bila kulalamika, ilikuwa inataka kuinuka. Na lazima niseme, haikuwa hofu peke yake. Jiwe lile chini yangu lilikuwa na joto, na nilikuwa nimeligusa kwa siri kwenye upenyo wa kiroba, nikaona mng'ao mdogo, nikautaka. Nilitaka karasha iite jina letu. Mimi, kwa umri huu, nilitaka.

Nikapata nyumba moja nzuri, mazizi yake yamekaa ndani yote isipokuwa kisanduku kimoja cha pembeni. Nikajumlisha waliomo. Nikainua kichwa ili nitoe kwenye arobaini na tano bila kuchanganyikiwa, na macho yangu yakatua upande wa pili wa kijito. Kwenye foleni ya wanawake wanaookota mabaki ya unga chini ya karasha, akiwa na beseni kichwani, alisimama Gladys.

Sikumaliza hesabu ile. Ilijimaliza yenyewe.

Nilimwita. Alikuja akiwa ameinamisha beseni kujikinga uso, akasema mgonjwa hajambo, alimwacha amelala. Felistas mwenyewe ndiye aliyemruhusu. Alimwambia kila mtu yuko kijitoni anaokota, kwa nini yeye akose, aende tu, yeye ana usingizi.

"Alisema ana usingizi?"

"Alisema, mama. Akajifunika kabisa."

Felistas hajawahi kuwa na usingizi mchana tangu azaliwe. Gladys aliona uso wangu, akasema kwa haraka kwamba atakalia yeye, mimi niende. Mtu wa Mugumu alitikisa kichwa. Hakuwa na ubaya. Alisema tu kwamba huyu mama si wa damu, na zamu inafika, na watu wa nyuma wameshaona. Nilitazama nyuma, walikuwa wameshaona. Mwendesha karasha alipiga bati kuita fungu lililofuata, na lililobaki kabla yetu lilikuwa moja.

Hakuna mtu aliyewahi kuniona nikiinuka katikati ya kazi. Niliinuka. Magoti yalilia, kanga ikabaki pale juu ya viroba nami sikurudi kuichukua. Nyuma yangu nilisikia kitu kizito kikiburutwa ardhini.

Pikipiki zote zilikuwa zinakuja. Hapakuwa na hata moja inayorudi. Nilimsimamisha mmoja, akaniambia bibi, abiria ni wa kwenda, wa kurudi hawapo mpaka jioni. Nikatembea. Watu walinipita wakitokea mbele, wenye sururu, wenye mabeseni, wenye watoto mgongoni, wote nyuso zimewaelekea nilikotoka, na wengine walinipisha kwa hasira kama unavyompisha ng'ombe aliyekosea kundi. Nilitaka kukimbia. Mwili ulikataa, nikawa nakimbia ndani kwa ndani, ambako hakuna anayeona wala kusaidia.

Mlango ulikuwa umerudishiwa. Kitandani blanketi lilikunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Kandambili hazikuwapo.

Nilimkuta nyuma ya uzio wa minyaa, pale kinjia cha kwenda kijitoni kinapoanzia. Alikuwa amelala ubavu wa kushoto juu ya mchanga, mkono umekuwa mto, beseni lake la kuoshea dhahabu kando. Macho yalikuwa wazi.

"Nimelala hapahapa, bibi. Maumivu yaliponishika nikalala. Sijasogea."

Nilipiga magoti. Nikamuuliza kama pana damu, akasema anaogopa kuangalia. Nikaangalia mimi. Palikuwa na doa dogo, rangi ya chai. Nilichukua simu yake nikampigia muuguzi wa zahanati, na Mungu ni mwema, hakuwa amekwenda kilimani. Alisema anatafuta usafiri, nisimwinue, nisimgeuze, nimwache alivyo.

Basi palikuwa hapana la kufanya. Hilo ndilo nililokuwa nimelihubiri miezi yote, na sasa lilikuwa limenifikia mwenyewe. Nikamkung'uta mchanga shavuni. Nikamfukuza nzi ambaye hakuwapo. Kisha, kwa kuwa kumtazama kutokea juu kulinifanya nijione kama mtu aliyesimama kwenye ukingo wa shimo, nami nikalala. Nililala chini pale pale kinjiani, uso wangu umeelekea wake, kama tulivyokuwa tukilala alipokuwa mdogo na mama yake yuko hospitali.

"Viroba?" aliuliza.

"Nimeviacha."

"Umeinuka tu?"

"Nimeinuka."

Alinitazama. Niliona jiwe lote lile likipita machoni mwake, likaenda. Hakunilaumu, wala hakunishukuru. Watu wawili walipita mbio kando ya vichwa vyetu, wakaturuka miguu, mmoja akauliza kama tumelewa.

"Hajacheza," alisema Felistas. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Tangu nilale hapa hajacheza. Bibi, mbona hachezi?"

Nilichukua mkono wangu nikauweka tumboni mwake, nikausubirisha hapo. Tumbo lilikuwa gumu na joto, likipanda na kushuka kwa pumzi zake, na chini ya pumzi hizo hapakuwa na chochote. Nilisikiliza kwa kiganja. Nilisikiliza mpaka kiganja kikaanza kunidanganya. Kwa mbali karasha ililia, ikanyamaza, ikalia tena.

Kisha ikafika saa ambayo mgodi mkubwa hulipua miamba yake kila alasiri. Honi ikapigwa, halafu mshindo ukaja, si hewani kwanza bali ardhini, ukapita chini yetu kama gari lililofukiwa, ukazitikisa mbavu zangu, mchanga ukaruka ruka karibu na pua zetu. Kuku wa Gladys wakapiga kelele. Na chini ya kiganja changu kitu kikashtuka, kikapiga teke moja kali, la mtu aliyeamshwa vibaya.

Felistas alishika mkono wangu akaukandamiza pale. Mshindo ulikwisha, mchanga ukatulia, vumbi likaanza kushuka juu ya minyaa. Tulingoja. Hapakuwa na honi, hapakuwa na sauti yoyote ardhini.

Akapiga tena.